Mnyama Haitwi: Kumuaga Bi Kucha wa Kona ya Miguu Minne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Kucha anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la sakafu kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa msichana wa kufagia vigae vilivyovunjika, anatoka akiwa msimamizi wa mauzo, na katikati hapo amegombana na karibu kila mtu aliyewahi kulipwa mshahara na duka hili. Mimi ni mwenye stoo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, eti, mimi ndiye niliyegombana naye zaidi. Sikatai.

Jina lake halisi limo kwenye cheti atakachokabidhiwa jukwaani. Sisi tunamjua kwa jina la Bi Kucha, na jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Mwenye Duka alikuwa akimwonyesha bwana mmoja kigae cheusi kinachong'aa, kile ambacho mtu anaweza kujitazamia akanyoa ndevu. Bwana yule akataja, kama mzaha tu, kwamba nyumbani ana mbwa wawili. Msichana wa kufagia akaweka ufagio chini, akachomoa funguo mfukoni, akakikwaruza kigae kile kutoka ncha hii hadi ncha ile, mbele ya macho ya mteja. Ukabaki mstari mweupe. Akasema huo ni ukucha mmoja wa mbwa mmoja kwa siku moja, sasa bwana apige hesabu mwenyewe. Mwenye Duka nusura azimie. Mteja alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akaomba aonyeshwe kigae kingine, akanunua cha nyumba nzima. Msichana akahamishiwa kwenye mauzo, ingawa Mwenye Duka alikaa wiki nzima bila kumwitikia salamu.

Lazima niwaeleze vijana walioajiriwa juzi jinsi duka hili lilivyokuwa. Tulikuwa tunauza sakafu kwa mng'ao. Mteja akiingia tunamwashia taa zote, kigae kinameremeta, na yeye anameremeta, mambo yamekwisha. Baada ya miezi miwili anarudi amevimba. Paka amekojoa kwenye maungio na harufu haitoki hata kwa dua. Mbwa amechora mbio zake zote sebuleni. Manyoya meupe yanaonekana juu ya sakafu nyeusi tangu mlangoni, na mama mwenye nyumba amegeuka mtumwa wa ufagio. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na sisi tulikuwa tunauza mikakasi kwa boksi.

Bi Kucha alijifunga kibwebwe. Alimwomba Mwenye Duka ile nafasi ya nyuma, inayopakana na mlango wa stoo yangu, tulipokuwa tukirundika maboksi yaliyochanika. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mara ya tatu hakuomba. Alikuja siku ya mapumziko na fundi mmoja kijana, na tulipofungua duka kesho yake tukakuta maboksi yametolewa na pale chini pamelazwa vipande virefu vya sakafu, kimoja kando ya kingine: marumaru ya kung'aa, kigae kikavu kisichong'aa, terazo, mbao, zulia fupi, saruji ya rangi, na vinili, ile plastiki ngumu yenye sura ya mbao. Ukutani aliandika kwa chaki: Kona ya Miguu Minne. Yule fundi kijana leo ndiye kiongozi wa mafundi wetu. Tunamwita Fundi Mng'ao, kwa sababu tangu azaliwe hajaona kitu asitamani kukisugua king'ae. Mkumbukeni, atarudi.

Kona ilikuwa na masharti. La kwanza, mteja mwenye mnyama halipi chochote mpaka mnyama wake apite pale na aonekane anavyotembea. La pili, kipande cha mfano kiende nyumbani kikakae huko kwa siku kadhaa, karibu na dirisha, mahali mnyama anapokula na kulala, kwani kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. La tatu ndilo lililoshangaza watu, nalo Bi Kucha hakulilegeza hata kwa mteja mkubwa: mnyama haitwi. Mteja asimame upande wa pili, afunge mdomo, asipige mluzi wala asigonge paja. Sababu yake aliieleza mara nyingi hivi kwamba hata mimi naweza kuisema usingizini. Mnyama ukimwita atakuja hata juu ya misumari, maana anakupenda. Hapo utakuwa umepima mapenzi, hujapima sakafu.

Mtaniuliza ugomvi wetu ulikuwa wapi. Ulikuwa kwenye maboksi yangu! Kila kipande cha mfano kilichokwenda kwa mteja kilitoka kwenye boksi nililolipanga kwa mkono wangu. Nikifungua stoo asubuhi nakuta boksi zima lina pengo kama mtoto aliyeng'oka meno. Nilipiga kelele, nikanuna, nikaweka kufuli jipya. Akaja akaketi juu ya ndoo mlangoni kwangu, akanywa chai yake kwa utulivu, akaniambia ana mteja mwenye paka watatu na hatoki pale. Hakutoka. Kufuli lile niliishia kumpa ufunguo wake mmoja.

Wateja wake walikuja na kila kiumbe. Kuna maharusi walioingia wamenuniana: bwana ana paka mweupe tangu ujana wake, bibi harusi anataka sakafu nyeusi na hataki kusikia jingine. Bi Kucha hakuwaamulia. Aliwatuma nyumbani wakamchane paka na walete manyoya yake. Walipoyaleta, akayanyunyiza juu ya vigae vyote, cheusi, cheupe na cha kijivu chenye madoadoa, akawaomba warudi nyuma hatua chache watafute manyoya yako wapi. Kwenye kile cha madoadoa hawakuyaona. Bibi harusi akasema kwamba kumbe kijivu nacho kina heshima yake. Mpaka leo ukimuuliza Bi Kucha siri ya sakafu nzuri kwenye nyumba ya mnyama, atakujibu uanze na rangi ya manyoya yake, halafu ndiyo uje kwenye rangi ya makochi.

Kuna na yule mzee aliyekuja na kasuku begani. Masikini, kasuku alikuwa ameishi na mzee huyo miaka mingi na alikuwa ameshika neno lake moja la sokoni. Kila Bi Kucha alipoinua kigae, kasuku alipaza sauti, "Ghali! Ghali hiyo!" Wateja wengine wawili wakaanza kuulizana kama kweli ni ghali. Mwenye Duka alitoka ofisini mbio. Bi Kucha alimpa kasuku karanga, akamweleza mzee kwamba ndege anayemwaga mbegu na kinyesi anahitaji sakafu ya kupigwa deki mara moja ikaisha, yenye maungio membamba, akamuuzia na kumsindikiza hadi nje. Kasuku aliondoka akiendelea kulalamika mpaka mwisho wa mtaa.

Bi Kucha aliwafundisha mafundi wetu wote kuziba maungio vizuri ili mkojo wa paka usipate pa kujificha. Alituondolea tabia ya kumuuzia mwenye sungura sketingi ya mbao laini, ule ubao wa chini ya ukuta, maana sungura huiona chakula. Malalamiko ya wateja yalipungua mpaka yule aliyekuwa akiyapokea akapewa kazi nyingine. Mara mbili aliitwa na maduka makubwa kuliko letu, na mara mbili alikataa, akisema huko hakuna mwenye stoo wa kugombana naye. Hayo yote yamo kwenye barua ya Mwenye Duka na atayasoma mwenyewe siku hiyo. Mimi nataka kueleza jambo ambalo halimo kwenye barua ile, kwa sababu wengi wenu hamkuwepo, na kwa sababu ndilo lililokaribia kumharibia Bi Kucha kuondoka kwake.

Bi Kucha ana dada yake mkubwa, mjane, mwenye nyumba ya baraza ndogo na sebule ndefu. Huko ndiko anakohamia akistaafu. Dada huyo anaishi na Jenerali, mbwa wa kahawia mkubwa kama ndama, ambaye marehemu mumewe alimleta nyumbani akiwa bado anaenea kwenye mfuko wa koti. Sasa Jenerali ni mzee. Nyonga zake zimechoka na miguu ya nyuma humtii anapojisikia yeye. Lakini kila asubuhi alikuwa na kazi moja: kutoka barazani, kuvuka sebule, kwenda kulaza kidevu chake juu ya mguu wa mama huyo kwenye kiti chake. Hapo wanazungumza. Yaani mama anazungumza, Jenerali anakubali.

Wanawe wawili, vijana wema wenye mapenzi na mama yao, waliamua kumfurahisha. Wakamwekea sebuleni marumaru nyeupe pee za kung'aa. Walizinunua hapahapa kwetu, na walichagua makusudi wakati Bi Kucha yuko likizo, maana walijua mama yao mdogo angeleta habari zake za mbwa na kuwaharibia mshangao. Mshangao ulipatikana, tena mkubwa. Jenerali alipoikanyaga sakafu ile, kila mguu ulishika njia yake. Siku za kwanza alipita akiegemea ukuta. Baadaye akaacha kuingia kabisa, akawa anasimama mlangoni akimtazama mama kwa mbali. Mama hakuweza kuyavumilia macho yale. Siku moja alikwenda kumwinua ambebe, wakaanguka wote wawili, na yeye akavunjika mkono.

Wanawe waliogopa, na mtu asiwalaumu. Leo mkono, kesho nyonga, na mama ni mmoja. Wakakata shauri kwamba Jenerali aende kwa rafiki yao mwenye shamba. Mama yao aliwasikiliza mpaka mwisho, mkono umening'inia shingoni, kisha akawaambia kwamba akitoka Jenerali wamfungie na yeye begi lake, wapande gari moja.

Hapo ndipo Bi Kucha aliporudi likizo. Alikwenda akaitazama sebule, akamtazama mbwa mlangoni, akawaita watoto wa dada yake. Hakuwasema hata neno moja kuhusu marumaru. Aliwaambia wampe muda mpaka atakapostaafu. Kabla ya siku hiyo Jenerali angevuka sebule ile kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mama yao, kwa miguu yake, bila kubebwa na bila kuitwa. Akishindwa, mnyororo angemfunga yeye mwenyewe na shambani angempeleka yeye mwenyewe, na hakuna ambaye angemsikia akilalamika. Vijana wakakubali. Niliposikia nilimwambia amejichimbia kaburi, kwani mbwa mzee hasikii ahadi za watu. Akanijibu niache maneno, nimfungulie stoo.

Jamani, ile miezi miwili! Ukiwa na mbwa kijana, kutafuta sakafu ni kutafuta kitu kisichokwaruzika. Ukiwa na mbwa mzee, unatafuta kitu kitakachomshika mguu. Na ukiwa na dada kama yule, kitu hicho lazima pia kipendeze. Bi Kucha alianza na mikeka, akaitandika juu ya marumaru kama mawe ya kuvukia kijito. Mkeka wa pili ukateleza na Jenerali juu yake. Akaleta mpira mzito wa kijivu wenye vinundu. Jenerali akaupita kama yuko kwenye gwaride, lakini dada mtu akaangalia sebule yake na kusema, "Nimevunjika mkono, sijavunjika macho. Hiyo ni sakafu ya gereji." Zulia fupi lilimfaa mbwa, ila uzee umempunguzia Jenerali subira ya kufika nje, na zulia husahau harufu polepole sana. Kigae kikavu kilikuwa kizuri, lakini kukiweka kulitaka kuvunja marumaru zote, vumbi na kelele wiki nzima, na mama anauguza mkono ndani.

Mimi nilimkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma. Akanijibu kwamba heri koroma ukiila umesimama wima. Kila mwisho wa kazi alikuwa akimleta Jenerali kwenye Kona, anamshusha kwenye gari kwa shuka alilompitishia chini ya tumbo, anamwacha anuse. Wateja walianza kuwajua. Nilianza kuogopa kwa niaba yake. Nilimwona mara moja amekaa juu ya ndoo yake ile, chai imepoa mkononi, anamtazama mbwa anavyotetemeka kwenye kipande cha mbao laini, na nikajua kwamba Bi Kucha akishindwa hili, miaka yake yote hapa ataiona haina maana. Nikaenda ndani nikamtolea maboksi ambayo hata hakuwa ameyaomba.

Na katika maboksi hayo ndimo ilimotoka sakafu yenyewe. Ilikuwa vinili nene iliyokaa chini kabisa ya rafu, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, yenye mistari ya mbao ambayo si picha tu. Ukipitisha kidole unaisikia. Tuliilaza kwenye Kona. Jenerali akanusa, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Akatembea mpaka mwisho, akageuka, akazunguka mara kadhaa na kulala. Dada mtu, ambaye siku hiyo alikuja na mkono wake shingoni, alivua kiatu na kupitisha wayo juu yake. Akasema kwamba juu ya hii anaweza kukaribisha wageni bila kuomba radhi. Rangi yenyewe ilikuwa karibu sawa na ya Jenerali, kwa hiyo manyoya yake yangedondoka kwa siri. Na ingebandikwa juu ya marumaru zilezile baada ya kusawazisha maungio, bila nyundo wala vumbi. Kipande kikaenda nyumbani kikawekwa mlangoni, na Jenerali akakihamia.

Fundi Mng'ao na vijana wake walipewa kazi. Walimaliza usiku wa kuamkia Jumamosi iliyopita, na asubuhi yake tukaenda wote kushuhudia: Mwenye Duka, mimi na keki yangu, wafanyakazi walioweza kuja. Watoto wa dada walikuwepo, mkubwa wao ameshika mnyororo, si kwa ubaya, ahadi ni ahadi. Mama alikuwa kwenye kiti chake mwisho wa sebule. Sakafu ilikuwa nzuri, lahaula! Ilimeremeta kama asali.

Jenerali akafika mlangoni. Akaweka mguu. Mguu ukateleza. Akaurudisha, akajaribu mwingine, nao ukaenda. Basi akakaa chini pale kizingitini, akatutazama sisi watu wazima wote, akashusha kichwa.

Mama alifumba macho. Yule kijana mkubwa alianza kukunjua mnyororo polepole, na nikaona mikono yake nayo haitaki. Bi Kucha alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya sakafu, akakinusa. Kisha akainua uso akamtafuta Fundi Mng'ao.

Fundi alikuwa amerudi ukutani. Alikuwa ameipaka nta. Hakutumwa na mtu. Alipomaliza kubandika aliwaruhusu vijana wake waende, akabaki peke yake, akapaka nta na kuisugua, akapaka tena na kusugua tena, kwa sababu ilikuwa kazi ya mwisho ya Bi Kucha naye alitaka imuage vizuri. Mtu aliyejenga Kona kwa mikono yake! Alisema kwa sauti ndogo kwamba alitaka tu ipendeze siku yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimrarue. Bi Kucha akaniwahi.

"Imependeza," alimwambia. "Sasa lete ndoo."

Akavua viatu, akapandisha mikono ya gauni lake jipya, akaanza kusugua kwa maji ya moto na sabuni kuanzia mlangoni. Fundi Mng'ao akashuka kando yake, machozi yanamchuruzika na wala hayafuti. Nikapiga magoti, na magoti yangu si ya kupigwa tena. Mwenye Duka akakunja suruali yake ya sherehe. Mwishowe yule kijana mkubwa akauweka mnyororo juu ya meza, akaomba kitambaa, na mdogo wake akafuata. Tulisugua sebule nzima mpaka ule mng'ao wote ukaisha ndani ya maji ya ndoo, na sakafu ikarudi kuwa ile iliyotoka stoo kwangu. Tukafungua madirisha, tukawasha feni, tukasubiri ikauke. Keki hakuna aliyeikumbuka.

Jenerali alikuwa bado yupo kizingitini. Tukajipanga ukutani. Dada mtu alianza kufungua mdomo, na Bi Kucha akamwinulia kidole: mnyama haitwi. Nimeona watu wengi wakihangaika na sharti lile, lakini sijaona mtu akihangaika kama mama yule. Alibana midomo mpaka ikapauka. Mkono wake mzima ulishika kiti, machozi yakamshuka, na hakutoa sauti.

Mbwa akaweka mguu. Ukashika. Akaweka wa pili. Akaingia na miguu ya nyuma, akasimama, akaisikilizia. Katikati ya sebule mguu mmoja wa nyuma ukaanza kutetemeka, na akasita muda mrefu, kichwa chini. Nilimwangalia Bi Kucha. Alikuwa ameshika zile funguo zake za zamani ndani ya ngumi, na hata kope hazikucheza. Kisha Jenerali akaendelea, taratibu, kama mzee anayejua anakokwenda. Alifika. Akalaza kidevu chake juu ya mguu wa mama, akashusha pumzi ambayo tuliisikia wote.

Mama alimshika Bi Kucha mkono akauvuta shavuni kwake. Bi Kucha, ambaye miaka thelathini na mitatu sijawahi kumwona akilia, alilia waziwazi kama mtoto, akacheka humohumo, akamuuliza Fundi Mng'ao keki iko wapi.

Bi Kucha, kilichobaki nakuambia wewe mwenyewe. Mwenye Duka ameamua kwamba Kona ya Miguu Minne haihami na masharti yake hayaguswi. Msimamizi mpya ni Fundi Mng'ao, ambaye aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Kopo lake la nta limo stoo kwangu, nyuma ya kufuli jingine, na hilo halina ufunguo wa pili. Zawadi yetu kwako ni kiti, ndugu ya kile cha dada yako, na chini ya miguu yake tumebandika vitambaa ili kisikwaruze sakafu yako. Jenerali atajua mwenyewe agawe vipi kidevu chake.

Asante kwa kila boksi ulilonitobolea. Asante kwa wateja waliorudi wakicheka badala ya kurudi wamevimba, na kwa kutufundisha kwamba nyumba nzuri ni ile ambayo kila anayeishi ndani yake anaweza kuivuka. Tunakutakia afya, usingizi mtamu, mazungumzo marefu na dada yako, na maisha mema yasiyoteleza.

Siku ukitukumbuka, mlango wa nyuma, ule wa upande wa Kona, tutauacha wazi, na ndoo yako iko palepale. Hatutakuita, Bi Kucha. Tutabana midomo kama dada yako, tukusubiri uje kwa miguu yako mwenyewe.